Majumba yetu ya kale ya sinema: tunasifu uso wa mbele, na paa linaanguka nyuma yake

Mwana wa Vuga (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, amani iwe kwenu.

Nimekulia Unguja, mtaa wa Vuga, na kwa miaka mingi njia yangu ya kwenda na kurudi skuli ilipita mbele ya jumba la sinema la Majestic. Nafungua uzi huu kwa sababu nimechoka kusikia majumba kama lile yakizungumzwa kama mapambo ya kupigia picha. Mtu husimama barabarani, akasifu mistari yake iliyonyooka na jina lililo juu, kisha akaenda zake bila kuuliza nyuma ya ukuta huo kuna nini. Nyuma yake kulikuwa na ukumbi, na ukumbi ndio jengo lenyewe. Paa la ukumbi wa Majestic liliporomoka, na masika ngapi yamepita mvua ikinyesha pale palipokuwa na viti.

Niruhusuni nianzie kwenye boriti. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe, kama zile za Lamu na za Mombasa ya kale, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko inayoweza kubeba dari zito la mawe na chokaa haifiki mbali, ni kama mita mbili na nusu au tatu hivi, na ndiyo maana vyumba vya wazee wetu ni virefu lakini vyembamba. Tajiri aliweza kuongeza vyumba, aliweza kuongeza ghorofa na kuchonga mlango wa kutisha, lakini upana wa chumba chake ulibaki ule ule uliokubaliwa na mkoko. Hata misikiti yetu ya kale, ambayo ilihitaji nafasi ya watu wengi, imejaa safu za nguzo kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa fikirini mtu anayetaka kukalisha mamia ya watu chini ya paa moja, wote wakitazama upande mmoja, na asiwepo hata mmoja aliyezibwa na nguzo. Kwa boriti jambo hilo haliwezekani. Ni kweli kwamba Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash, iliyokamilika mwaka 1883, ilikuwa imeshaleta nguzo za chuma na kumbi pana, lakini ile ilikuwa nyumba ya mfalme. Jumba la sinema ndilo lililompa mchukuzi wa bandarini, fundi cherehani na mke wa karani nafasi ya kukaa, kwa bei ya tiketi, ndani ya chumba kikubwa kuliko chochote walichowahi kuingia. Kenchi za chuma (fremu zinazobeba paa), zege na nondo viliingia katika maisha ya mtu wa kawaida wa mwambao kupitia mlango huo, na kwa sababu hiyo nasema kwamba majumba haya ni sehemu ya historia ya ujenzi wetu sawa na mlango wa kuchonga na baraza ya mawe.

Pale Vuga pamekuwa na majumba mawili, moja juu ya majivu ya jingine. La kwanza ni Royal, la mwaka 1921, lililochorwa na John Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye ndiye pia aliyechora Mahakama Kuu ya hapo hapo Vuga na baadaye Beit al-Amani kule Mnazi Mmoja. Sinclair alipenda matao na kuba, akijaribu kulifanya jengo la serikali ya Kiingereza lionekane la Kiarabu. Royal liliungua mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 likasimama Majestic, kazi ya Dayalji Pitamber Sachania, kwa mtindo wa Art Deco: kuta tupu, pembe zilizolainishwa, mistari ya wima na ya mlalo, bila tao hata moja la kuigiza. Kati ya majengo hayo mawili kuna miaka 34 tu, lakini mji ulikuwa umeshabadilika. Lile la kwanza lilijengwa kama mtu anayeomba radhi kwa ugeni wake, na hili la pili lilijengwa na watu waliokuwa kwao.

Hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Sehemu nyingi za Afrika majumba ya sinema yalikuwa ya makampuni ya wakoloni, lakini kwetu waliotoa fedha, waliochagua filamu na waliosimama mlangoni kupokea watu walikuwa kwa sehemu kubwa wafanyabiashara wa hapa hapa, wengi wao wenye asili ya Kihindi, na watazamaji wao walikuwa majirani zao. Unguja ilikuwa na Majestic, Empire, Sultana na Cine Afrique. Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Empire, Empress, Odeon na New Chox, na Mombasa ilikuwa na Regal, Majestic, Kenya na Naaz.

Naomba mawili kwenu. Kwanza, wenye ujuzi wa ujenzi watueleze kwa nini majumba haya, ambayo mengi hayajafikisha hata miaka mia moja, yanaanguka upesi kuliko nyumba za mawe za karne ya 19. Pili, kwa waliowahi kuingia wakati yanafanya kazi, nielezeni ndani palivyokuwa. Nataka kujua hasa kama kulikuwa na mlango wa pembeni au ngazi ya peke yake kwa wanawake, kwa sababu katika michoro ya jumba moja ninayoifahamu kuna ngazi ndogo ambayo sielewi ilikuwa ya nini.

Fundi Mwashi

Mwana wa Vuga, nimesoma mpaka mwisho. Mimi ni mwashi wa Mombasa, nimefanya kazi za mawe na chokaa Mji wa Kale kwa zaidi ya miaka 20, na majengo ya zege ya miaka ya 1950 nimeyatengeneza pia. Swali lako la kwanza nitalijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloniuma.

Jengo la mawe na chokaa likipata maji linavimba kidogo, linakauka, linapumua. Ukilipaka chokaa kila baada ya miaka michache, litakaa. Likipuuzwa litaanza kubomoka, lakini litakubomokea polepole na litakuonya. Zege lenye nondo lina tabia nyingine. Nje linaonekana zima kabisa ilhali ndani chuma kinaliwa. Hapa kwetu pwani chumvi imo hewani, na zamani mafundi wengi walichanganya zege kwa mchanga wa baharini usiooshwa vizuri, yaani chumvi iliingizwa tangu siku ya kwanza. Nondo ikishika kutu inanenepa, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na zege halijui kunyooka, kwa hiyo linapasuka kutoka ndani. Ukiona ufa ulionyooka unaofuata urefu wa mhimili, tena una doa la rangi ya chai, jua nondo iko hapo hapo chini yake.

Namna ya kujua ni rahisi. Chukua nyundo ndogo, gonga mhimili pole pole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Zege zima linatoa sauti kali, fupi. Ukifika palipoachana na nondo sauti inakuwa kama ya kugonga kasha tupu, na mkono wenyewe unaisikia. Niliwahi kuitwa kwenye ukumbi mmoja mkubwa, jina nitalihifadhi, ambako aliyenitangulia alikuwa ameziba nyufa zote kwa saruji na kupaka rangi nzuri ya maziwa. Niligonga mhimili wa balkoni kuanzia ukutani, na theluthi mbili ya njia yote ilikuwa kasha tupu. Wenye jengo walikuwa wakipanga kuweka watu 200 juu yake mwezi uliofuata.

Lakini mwuaji wa kwanza wa majumba ya sinema hata si chumvi. Ni gata. Angalieni mtindo huo wa Art Deco: ukuta wa mbele unapanda juu kuliko paa ili mtazamaji wa barabarani asione mabati, aone ukuta uliosimama safi. Nyuma ya ukuta huo kuna paa la mteremko juu ya kenchi, na maji yote yanaelekezwa kwenye mfereji uliofichwa kati ya paa na ukuta. Mfereji huo hauonekani na mtu yeyote. Majani ya mwembe yakiujaza, au kunguru akijenga humo, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya ukuta na kwenye miguu ya kenchi, pale pale chuma kinapokaa juu ya ukuta. Nyumba ya makuti ikivuja unaona tone kichwani. Mfereji wa ndani ukivuja, dari la mapambo linayapokea maji kwa miaka bila mtu kujua, na siku utakayojua ni siku ambayo kenchi imeshateleza.

Jumba likiwa na shughuli kuna mtu wa kupanda juu kabla ya mvua. Likifungwa, kazi ya kwanza kusahaulika ni hiyo, kwa hiyo majumba mengi tunayoyaita magofu yameuliwa na kazi ya mtu mmoja na ndoo moja, ambayo haikufanywa kila Machi na kila Oktoba.

Mlipa Kodi

Nawaheshimu wote mliotangulia, lakini naomba kuuliza jambo ambalo wengi wanalifikiri na hawalisemi. Hospitali zetu zina upungufu wa vitanda, na shule zina wanafunzi wanaokaa chini. Watu wanatazama filamu kwenye simu. Kwa nini fedha iende kwenye jumba ambalo hata likitengenezwa halitapata watazamaji? Na kama ni kumbukumbu, kwa nini tusibakize ule ukuta wa mbele mnaousifia, kisha nyuma yake tujenge kitu chenye manufaa?

Wakili wa Ardhi

Kabla Mwana wa Vuga hajajibu, naomba nitoe upande wa sheria, kwa sababu ndio unaoeleza kwa nini swali la ndugu Mlipa Kodi linarudi kila mara kana kwamba jibu lake halijulikani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara, ya mwaka 1964, inalihesabu jengo kuwa kumbukumbu iliyolindwa ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki unalindwa ikiwa ulitengenezwa kabla ya mwaka 1940. Someni tarehe hizo tena. Mlango wa nyumba una ulinzi wa sheria moja kwa moja, ilhali jumba zima la sinema la mwaka 1950 halina mpaka waziri alitangaze kwa jina. Nchini Kenya nako, chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, jengo la karne ya 20 linahitaji kutangazwa. Zanzibar ina hali nzuri kidogo, kwa kuwa Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na tangu mwaka 2000 uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, kwa hiyo jengo linalindwa kama sehemu ya mji hata kama lenyewe si la kale sana.

Kuna jambo la pili, nalo ni umiliki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya sinema ya Zanzibar yaliingia mikononi mwa serikali. Bara, sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971 ilipeleka maelfu ya majengo ya mijini kwa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali. Sitaki kufungua hapa mjadala wa siasa ya wakati ule, ambao una haki zake pande zote. Ninachosema kama mwanasheria ni kwamba aliyekuwa akikata tiketi na aliyekuwa na wajibu wa kutengeneza paa wakawa watu wawili tofauti, kila mmoja akimngoja mwenzake. Hapo hapo tangu mwisho wa miaka ya 1960 kulikuwa na Shirika la Filamu Tanzania, na uingizaji wa filamu haukubaki tena mikononi mwa mwenye jumba. Mtu asiyechagua filamu, asiyemiliki kuta na asiyepanga bei hana sababu ya kupanda juu kusafisha huo mfereji aliousema Fundi.

Mwana wa Vuga

Shukrani nyingi kwa Fundi na Wakili. Yale ya gata sikuwa nayajua, na yamenifanya nikumbuke kwamba utotoni mwangu kwenye ukuta wa pembeni wa jumba moja kulikuwa na mti wa mtini umeota juu kabisa, tukiuona kuwa ni kitu cha ajabu na kizuri. Kumbe mizizi yake ilikuwa inakunywa humo humo kwenye mfereji.

Ndugu Mlipa Kodi, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Nakubaliana nawe kwamba sinema haitarudi kuwa kama ilivyokuwa. Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mapema katika miaka ya 1970. Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, lakini kanda za video ziliingia kwa nguvu katika miaka ya 1980, na banda la video la mtaani lilitaka kiingilio kidogo kuliko jumba lenye viti mia saba. Hayo yameshapita. Lakini sikuombi uhifadhi biashara iliyokufa. Nakuomba uangalie kile ambacho mji unakimiliki tayari: nafasi kubwa isiyo na nguzo, yenye sakafu ya mteremko, katikati ya mji, ambayo kuijenga upya leo ingegharimu fedha nyingi mno. Hiyo nafasi ina kazi nyingi.

Nenda Nairobi, mtaa wa Ngara. Jumba la Shan, lililokuwa likionyesha filamu za Kihindi, lilichukuliwa na taasisi ya Sarakasi na kufanywa ukumbi wa wanasarakasi, wacheza ngoma na wanamuziki. Ukumbi ule ule, urefu ule ule wa dari, sasa mtu anaruka angani pale ilipokuwa ikipita miale ya projekta. Nenda Kampala, kwenye jumba la Norman, lililopewa jina la mfanyabiashara Mgoa Norman Godinho aliyelijenga. Tangu miaka ya 1980 limetumiwa na kanisa la Kipentekoste ambalo leo linajulikana kama Watoto. Najua wapo wapenzi wa majengo wanaochukia kuona sinema ikifanywa kanisa, na wanaorodhesha yaliyofunikwa kwa rangi na mazulia. Mimi nawatetea waumini hao: wamekaa wakitazama mbele, wamelijaza balkoni kila Jumapili, na la muhimu kuliko yote, wamelitunza paa. Hofu yangu kwa Norman imekuja miaka ya karibuni tu, ulipozuka mpango wa kujenga ghorofa mahali pale na mjadala ukageuka kuwa wa uso wa mbele, ubaki au usibaki.

Na hapo ndipo pendekezo lako la pili linaponishinda kabisa. Ukuta wa mbele wa jumba la sinema ni kama kanga iliyotundikwa dirishani mwa duka. Inakuita uingie. Ukibomoa ukumbi na kubakiza ukuta umehifadhi wito bila pa kuitikia. Mtoto atakayezaliwa mwaka huu ataona herufi kubwa juu ya benki na hataelewa kwa nini benki iliandikwa vile.

Mfano wa mji ambao umeyaelewa mambo haya kwa ukamilifu ni Asmara, mji mkuu wa Eritrea. Cinema Impero, iliyochorwa na Mario Messina na kufunguliwa mwaka 1937, ilijengwa na Wataliano wa enzi ya ufashisti, kwa jina linalomaanisha dola yao. Waeritrea walikuwa na kila sababu ya kuibomoa. Badala yake wameibakiza na herufi zake na taa zake za mviringo, watu wakiendelea kuingia, na mwaka 2017 mji mzima wa kisasa wa Asmara ukaandikwa kwenye urithi wa dunia. Ikiwa wao wamelitunza jumba la waliowatawala, inakuwaje sisi tuyaachie ya majirani zetu wenyewe?

Kwa upande mwingine wa mizani iko Drive-In ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1966 kule Msasani, ambako familia zilikuja na magari, mikeka na vyakula, na wasio na magari walikuwa na njia zao za kutazama. Leo pale ni ubalozi wa Marekani. Hakuna ukuta, hakuna kibao. Lile halikuwa na paa la kuanguka, na bado limetoweka kuliko yote.

Mstaafu wa Chumba cha Mashine

Vijana wangu, mmezungumzia ukumbi na uso wa mbele, lakini chumba kilichokuwa moyo wa jumba hamjakitaja. Nilifanya kazi ya kuonyesha filamu Dar es Salaam tangu miaka ya 1960 hadi jumba letu lilipofungwa, kwa hiyo niruhusuni.

Chumba cha mashine kilikuwa juu, nyuma ya balkoni, na kilijengwa tofauti na sehemu nyingine zote: kuta nene, dari la zege, mlango wa chuma, na mlango wenyewe ulifunguka kwa nje, si kwenye ukumbi. Sababu yake ni moto. Filamu za zamani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilitengenezwa kwa naitreti, na naitreti ikishika moto haizimiki kwa maji, kwa sababu inajitolea hewa yake yenyewe ya kuunguzia. Mimi sikuikuta, lakini aliyenifundisha aliikuta, na alinionyesha matundu ya ukutani yanayotazama ukumbini. Juu ya kila tundu palikuwa na kipande cha chuma kizito kilichoning'inizwa kwa kiungo laini kinachoyeyuka kwa joto. Moto ukitokea kiungo kinayeyuka, vyuma vinaanguka vyote kwa mpigo na kuziba matundu, na watazamaji wanabaki salama. Kwetu vyuma vile vilikuwepo hadi siku ya mwisho, nikivipaka mafuta kila mwezi ingawa hatari yenyewe ilikuwa imekwisha.

Taa ya mashine haikuwa balbu. Ilikuwa vijiti viwili vya kaboni, umeme unaruka kati yao na kutoa mwanga mweupe usiotazamika kwa macho matupu. Vijiti vinapungua kadiri vinavyoungua, kwa hiyo lazima usimame hapo na kuvisogeza, la sivyo picha inageuka ya njano na ukumbi mzima unapiga miluzi. Moshi wake ulitoka kwa dohani, na mkiona juu ya paa la nyuma ya jumba la kale kuna bomba fupi lisiloeleweka, ndilo hilo. Mashine zilikuwa mbili. Mkanda mmoja ulikwenda dakika kama 20, na ulipokaribia mwisho alama ndogo ya duara ilitokea kwenye pembe ya juu ya kulia ya picha. Unawasha mashine ya pili. Alama ikitokea tena, unahamisha. Filamu ya Kihindi ya saa tatu ilitaka uhamishe mara nane au zaidi, na mtazamaji asitambue hata mara moja. Wakati mwingine nakala ilikuwa moja kwa majumba mawili, na kijana wa baiskeli alisubiri mlangoni nipakue mkanda wa kwanza akaukimbize kule kwingine.

Nayaeleza haya kwa ajili ya wanaohifadhi. Nimeona majumba yakikarabatiwa na chumba cha mashine kikifanywa stoo, matundu yakazibwa kwa matofali na vyuma vikauzwa kwa wauza skrepa. Viti vinaweza kutengenezwa upya. Chumba kile kikishavunjwa hakuna kijana atakayekijenga tena, maana hatajua kilihitaji nini.

Mlipa Kodi

Shikamoo mzee. Sikuwa najua lolote kati ya hayo. Bado ninashikilia kwamba fedha ya umma ina foleni ndefu, lakini nimeelewa sasa kwamba kuziba paa si sawa na kufungua sinema, na kwamba la kwanza linaweza kufanywa hata bila la pili. Fundi, naomba kuuliza: kama jumba limeshapoteza paa, kuna faida gani kuanza?

Fundi Mwashi

Ipo faida. Ukishapoteza paa, hatua ya kwanza si kulirudisha lile la zamani. Ni kuweka kifuniko cha muda, hata cha mabati mepesi juu ya mabomba ya jukwaa la ujenzi, kusudi kuta zikauke, kisha uchunguze miguu ya kenchi na mihimili ya balkoni kwa nyundo kama nilivyoeleza. Mabati ya zamani yakiwa ya asbesto, msiruhusu vibarua wayavunje kwa nyundo wala kuyakata kwa msumeno, kwa sababu vumbi lake linaua baada ya miaka mingi. Yalowanishwe, yafunguliwe misumari, yashushwe mazima na watu waliojikinga. Na tafadhali, ukuta wa mawe na chokaa uliounganishwa na zege usipigwe plasta ya saruji tupu. Majumba mengi ya aina hii yana vyote viwili, mawe kuta za pembeni na zege mbele, na saruji inafungia unyevu ndani ya mawe.

Beit al-Ajaib ilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu wawili, wakati kazi za ukarabati zinaendelea. Tusidhani kwamba jengo lililosimama linaweza kusubiri vikao vyetu.

Mwana wa Vuga

Nimeandika kila neno la Fundi na la mzee wetu. Kuhusu Majestic, niongeze tu kwamba shirika la Hifadhi Zanzibar na wenzao wamekuwa wakisukuma mpango wa kulifufua jumba lile liwe tena mahali pa filamu na sanaa, na kila mwenye picha, tiketi ya zamani au kumbukumbu awapelekee. Mji ambao kila mwaka unapokea wageni wa tamasha la filamu la ZIFF huwakalisha Ngome Kongwe, chini ya nyota, nami naipenda sana Ngome Kongwe, lakini mvua ikinyesha hapana pa kukimbilia.

Swali langu la ngazi bado halijajibiwa.

Bi Mstaafu wa Tanga

Mwanangu wa Vuga, hilo la ngazi nilikuwa nasubiri wanaume wamalize.

Tanga tulikuwa na majumba ya kutosha, na mji wenu sidhani ulikuwa tofauti. Siku moja katikati ya wiki, mchana, ilikuwa ya wanawake peke yetu. Tulikuja mtaa mzima: mama, mashangazi, wari, mabibi na watoto wa kubebwa, buibui zimejaa barabara nzima. Mlangoni pakubwa hapakuwa na mwanamume zaidi ya mkata tiketi, tena mtu mzima anayejulikana na kila nyumba. Siku hiyo tulipita mlango mkubwa kama watu wengine na kukaa tulipotaka, hata viti vya mbele, buibui tumezivua na kuzikunja mapajani, na tulilia na kuimba kwa sauti bila kumwogopa mtu.

Ngazi ndogo ilikuwa ya siku nyingine, za usiku wa Jumapili na za Sikukuu, tulipokwenda na waume zetu na kaka zetu. Haikupita ukumbini wala pale walipokuwa wakisimama vijana wakisubiri. Ilianzia kwenye uchochoro wa pembeni, ikapanda moja kwa moja hadi upande mmoja wa balkoni, na juu kulikuwa na nafasi ndogo ya kusimama kabla ya pazia zito la rangi ya damu ya mzee. Hapo ndipo tulipotengeneza buibui na kufuta jasho kabla ya kuingia. Ukutani palikuwa na kioo kirefu na chini yake rafu nyembamba ya terazo, kwa ajili ya kuwekea mikoba na vikuba vya asumini tulivyovua ili visikwame kwenye pazia.

Kama katika hiyo michoro yako ngazi inatoka uchochoroni na haina mlango wa kuingilia chini ukumbini, basi ni hiyo. Ukipata ruhusa ya kuingia, panda pole pole, utazame ukuta wa kushoto ufikapo juu. Kioo huenda kimekwenda, lakini rafu imepachikwa ndani ya ukuta, haitoki.